Shokapu za Nyuma Kabla ya Safari ya Desemba

Siku ukifuata gari dogo kwenye barabara mbovu, usiangalie namba yake, angalia tairi lake la nyuma. Shokapu ikiwa nzima, tairi litazama shimoni, litapanda, na hapo hapo litatulia. Ikiwa imekufa, utaliona linatetema, linagusa barabara na kuiacha, linagusa na kuiacha, huku walio ndani wakiendelea kupiga soga. Hawajui. Hata dereva hajui, kwa sababu shokapu haifi kwa siku moja. Inapungua nguvu kidogo kidogo, na mikono ya dereva inaizoea hali hiyo wiki baada ya wiki mpaka anaona ndivyo gari lilivyoumbwa.

Nimelichagua jambo hili leo kwa kuwa Desemba iko mlangoni. Wengi wetu tutapakia familia twende nyumbani, Moshi, Iringa, Mbeya, Bukoba. Kiti cha nyuma kitajaa watoto na shangazi yao, buti litajaa mchele, ndoo ya mafuta ya kula na mabegi. Sehemu kubwa ya uzito huo inaangukia ekseli ya nyuma. Na katika magari mengi ya familia ninayoyaona, shokapu za mbele ndizo zinazopata matunzo, kwa kuwa zikichoka usukani utamwambia dereva. Za nyuma hazina wa kuzisemea. Wanaozihisi ni watoto wanaotapika njiani, nasi tunasema huyu mtoto hawezi safari.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yake. Springi ndiyo inayobeba gari. Ukipita tuta, springi inabanwa, kisha inataka kuirudisha nguvu yote iliyopewa, na ikiachwa peke yake itaendelea kupanda na kushuka kwa muda mrefu. Shokapu ndiyo inayoimaliza nguvu hiyo. Ndani yake kuna silinda yenye oili, na ndani ya oili kuna pistoni yenye vitundu vidogo na vali. Kila gari linapopanda na kushuka, pistoni hulazimika kuipitisha oili kwenye vile vitundu, oili inakataa kwenda haraka, na ule mwendo unageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukimaliza kipande kirefu cha barabara ya vumbi yenye mawimbi, shokapu inayofanya kazi huwa ya moto. Fundi mzoefu husogeza kiganja karibu na ya kushoto, kisha karibu na ya kulia. Ile iliyobaki baridi wakati mwenzake anachemka, hiyo imeshaacha kazi.

Madereva wa mashindano ya magari ya Safari waliujua vizuri umuhimu wa shokapu. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, aliyashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo familia nyingi za Afrika Mashariki zililitumia kuendea harusini na shambani. Kwenye barabara kama zile mwendo haukutegemea injini peke yake. Tairi lisilogusa ardhi halisukumi gari, haligeuzi na halisimamishi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana watu wengi huiona shokapu kama kitu cha starehe. Mtu akiambiwa imechoka hujibu, "Nitavumilia, mimi si mtu wa kudeka." Lakini fikiria hesabu hii. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linapita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Tairi ambalo shokapu yake haifanyi kazi linaweza kurukaruka mara 10 hadi 15 katika sekunde hiyo moja. Kila linapokuwa hewani, au linapogusa barabara kwa wepesi tu, breki yake haina cha kushika. Ukikanyaga breki kwa ghafla kwenye sehemu yenye mikunjo, gari litaenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Ukikata kona ya mteremko, pale Kitonga kwa mfano, na kona hiyo ina mashimo, sehemu ya nyuma inaweza kuhama kuelekea nje. Kwa hiyo mimi shokapu naiweka kundi moja na breki na tairi. Ukivumilia shokapu mbovu, unawavumilisha na wenzako barabarani ambao hukuwauliza.

Sasa utajuaje? Dalili ninayoiamini kuliko zote ni tairi lenyewe. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi la nyuma, ukizunguka nalo. Ukikuta limelika vipande vipande, pameinuka hapa na pamezama pale, basi tairi hilo limekuwa likidundadunda. Ya pili ni oili. Chungulia chini ya gari, futa vumbi kwenye mwili wa shokapu. Unyevunyevu mwembamba karibu na sili ya juu si msiba. Shokapu ambayo oili yake imetiririka mpaka chini na kushika tope zito, hiyo imeisha. Ya tatu ni sauti, koko-koko ya bushi zilizokufa kila unapopita kwenye rasta. Kuna lile jaribio la kukandamiza buti kwa nguvu na kuachia, gari likidunda zaidi ya mara moja na nusu useme imekufa. Litumie, lakini usiliamini sana, kwa sababu shokapu iliyopoteza nusu ya nguvu yake bado inaweza kufaulu jaribio hilo uani na kukuangusha barabarani.

Kuna dalili moja ambayo watu huitafsiri vibaya, na inawagharimu. Gari limekaa chini upande wa nyuma hata likiwa tupu, mwenye gari anaambiwa, "Shokapu zimekwisha, weka ngumu zitalinyanyua." Sivyo. Shokapu za kawaida hazibebi uzito. Gari lililozama linalalamikia springi, na ukilifungia shokapu mpya litabaki limezama vile vile, na pesa yako imekwenda. Wengine huwekewa spesa juu ya springi ili gari linyanyuke, na shokapu ya urefu ule ule inabaki ikivutwa karibu na mwisho wake kila siku. Hiyo nayo haitadumu.

Je, kazi hii mtu anaweza kuifanya nyumbani? Ndiyo, kwa magari mengi, na ningependa watu wengi zaidi waifanye. Lakini kwanza lala chini uangalie springi imekaa wapi. Kuna magari ambayo springi imekaa peke yake na shokapu imesimama pembeni yake. Honda Fit iko hivyo, Prado iko hivyo, na Hiace yenye springi za majani ndiyo iliyo wazi kabisa. Hayo ni ya nyumbani. Kisha kuna magari ambayo springi imeizunguka shokapu, vimefungwa pamoja kama kitu kimoja. Corolla 110 ni mfano mzuri. Hapo springi imebanwa kwa nguvu kubwa mno, na nati ya katikati ikifunguliwa bila kifaa maalumu cha kuibana, springi inafyatuka na kuweza kuvunja taya au kuua. Ukiona hivyo, peleka gari kwa fundi mwenye kifaa hicho, na umtazame anavyokitumia. Fundi anayebana springi kwa kamba au waya, muage.

Kuhusu ununuzi, nunua mbili. Fundi atakwambia moja bado nzima, na huenda ni kweli, lakini ukiweka mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili, gari litakuwa na tabia mbili kwenye ekseli moja, hasa unapokwepa kitu ghafla. Ukienda Kariakoo, pale Gerezani, nenda na namba ya chesisi au na namba iliyoandikwa kwenye shokapu ya zamani, usiende na jina la gari tu, maana gari la jina moja huwa na matoleo yenye urefu tofauti. Kayaba ya Japani, kampuni ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1919 na siku hizi huandikwa KYB, ina jina kubwa sokoni, na kwa sababu hiyo jina lake linaigwa. Tazama uchapaji wa boksi, linganisha namba ya kwenye boksi na ile iliyo kwenye mwili wa chuma. Kisha kagua shokapu yenyewe. Zipo zilizotobolewa, zikajazwa oili yoyote iliyopatikana, zikachomelewa na kupakwa rangi nyeusi inayong'aa. Ukiona nundu ya kuchomelea mahali ambapo kiwanda hakingechomelea, au rangi imepita juu ya mikwaruzo, irudishe kwenye meza. Za mtumba kutoka nje sizipendi. Hakuna anayeweza kukwambia zimepita barabara gani, na kazi ya kuzifunga ni ile ile.

Jioni kabla ya siku ya kazi, safisha nati na bolti zote kwa brashi ya waya, kisha zipulizie oili ya kulainisha kutu. Zilale nayo. Kutu ndiyo adui wa kazi hii, na subira ya usiku mmoja inakuokoa na bolti iliyokatika Jumapili wakati maduka yamefungwa. Piga picha kwa simu jinsi washa na raba zilivyopangwa juu na chini, na pima kwa rula ni kiasi gani cha skurubu kimejitokeza juu ya nati ya juu. Picha hizo utazihitaji.

Siku ya kazi, na hapa naomba usikivu wako wote. Egesha gari mahali pagumu na tambarare, pawe sementi au ardhi iliyoshindiliwa, si mchanga. Handibreki ya magari mengi hushika tairi za nyuma. Ukizinyanyua tairi za nyuma, handibreki haishiki tena kitu chochote. Gari la otomatiki ukiliweka P, ni zile tairi zinazosukuma gari ndizo zinazofungwa, kwa hiyo gari linalosukumwa na tairi za nyuma, likiwa limenyanyuliwa nyuma, halijafungwa popote. Kinachokulinda ni kabari kwenye tairi za mbele, moja mbele na moja nyuma ya kila tairi. Legeza nati za tairi kabla hujanyanyua. Kisha nyanyua kwa jeki mahali ambapo kiwanda kimeweka alama, na uliweke gari juu ya stendi mbili za chuma.

Stendi, mpenzi msikilizaji. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Sili ya jeki ya oili inaweza kupasuka bila kukuaga, na jeki ya skurubu inayokuja na gari inaanguka ukilisukuma gari kidogo tu, na wewe utakuwa unavuta bolti yenye kutu kwa nguvu zako zote. Tofali si stendi. Tofali la saruji hubeba, hubeba, kisha hupasuka mara moja. Mawe ndiyo kabisa usiyataje. Kama huna stendi, kaazime, au nunua kabla ya kununua shokapu. Na ukishaliweka gari juu yake, lisukume kwa mkono kutoka pembeni kabla hujaingiza hata kidole chini. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari, liwe mlinzi wa pili.

Fanya upande mmoja kwanza, uumalize, ndipo uende wa pili. Sababu yake ni hii: katika magari mengi shokapu ndiyo pia inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukizifungua zote mbili, ekseli inaning'inia, springi inaweza kuchomoka mahali pake, na mpira wa breki unavutwa kubeba uzito ambao haukuumbiwa. Kwa hiyo weka jeki chini ya ekseli upande unaofanyia kazi, ipandishe kidogo tu mpaka ekseli iguse na kuegemea, halafu ndipo ufungue bolti ya chini. Ikiwa inagoma, ipandishe au ishushe jeki kwa vipimo vidogo vidogo mpaka bolti ionekane haina mzigo, itateleza yenyewe.

Nati ya juu mara nyingi imejificha. Kwenye magari mengine iko ndani ya buti chini ya zulia na kifuniko cha plastiki, kwenye mengine iko ndani ya madigadi. Ukiizungusha, utaona ule mti wa katikati unazunguka nayo. Kuna sehemu bapa au tundu la pembe sita kwenye ncha yake, ishike hapo kwa spana ndogo au spana ya L huku ukifungua nati. Usiubane mti ule unaong'aa kwa koleo. Kwa ile ya zamani si neno, inakwenda kutupwa, lakini mkono uliozoea utafanya hivyo hivyo kwa mpya, na mkwaruzo mdogo kwenye chuma kile unakata sili kila unapopita. Shokapu mpya itaanza kuvuja ukidhani umeuziwa feki.

Kabla ya kufunga ile mpya, isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, ibane mpaka mwisho na uivute, mara kadhaa, mpaka usikie haina mahali patupu. Ilikuwa imelala dukani, na hewa imeingia upande wa oili. Za gesi huja zimefungwa mkanda, ukiukata zinajinyoosha zenyewe kwa nguvu, basi shika vizuri na weka uso pembeni. Panga washa na raba kama picha zako zinavyoonyesha, funga juu, kisha ingiza bolti ya chini.

Nilikuwa uani kwa shemeji yangu pale Kimara tukifunga shokapu za Honda Fit yao, mpwa wangu akiwa ndiye mwenye spana. Alipofika kwenye bolti ya chini nikamwambia aishie ilipogusa.

"Mjomba, mbona hatukazi kabisa?"

"Ngoja gari lisimame chini kwanza."

"Si itafunguka?"

Swali zuri, na jibu lake mafundi wengi hawalitoi. Ndani ya jicho la chini la shokapu kuna bushi ya raba. Bolti ikikazwa, chuma cha katikati ya bushi kinashikwa kisigeuke, na raba ndiyo inayojinyonga kufuata mwendo wa ekseli. Ukikaza wakati ekseli inaning'inia, umeifungia raba hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, raba inakuwa imejinyonga hata likiwa limesimama tu, na barabarani inajinyonga zaidi, mpaka ipasuke mapema. Kwa hiyo tulirudisha tairi, tukashusha gari likae kwa uzito wake, ndipo mpwa wangu akaingiza mkono na kukaza ile bolti. Penye gari lisilokupa nafasi ya kufikia likiwa chini, pandisha ekseli kwa jeki mpaka ifike kimo chake cha kawaida, gari likiwa bado juu ya stendi, na ukaze hapo.

Kuhusu nguvu ya kukaza, kitabu cha gari ndicho chenye neno, na kama unaweza kuazima spana ya kupimia nguvu, azima. Kwa Toyota nyingi ndogo nati za tairi hukazwa Nm 103, ukizifuata kwa msalaba na siyo kwa mzunguko. Nati ya juu ya shokapu haitaki ubabe. Irudishe kwenye kipimo ulichokipima kwa rula, na kama imekuja na nati mpya ya kujishikilia, itumie hiyo, usirudishe ya zamani.

Halafu endesha. Anza polepole mtaani, pita tuta moja, sikiliza. Kugonga kwa mara moja kila unapopanda tuta mara nyingi ni nati ya juu iliyolegea. Rudi uiangalie. Baada ya siku chache za matumizi pitia tena bolti zote na nati za tairi. Gari litakuwa gumu kidogo kuliko ulivyozoea, na hilo si kosa. Tairi zilizokwisha kulika vipande vipande zitaendelea kuvuma hata kwa shokapu mpya, kwa hiyo usimlaumu aliyekuuzia.

Zimebaki zile za zamani mbili sakafuni. Usizipe watoto wachezee, usizitupe motoni, na usimpe mchomeleaji azikate awe na bomba la kutengenezea stuli. Nyingi zina gesi ya naitrojeni iliyobanwa pamoja na oili, na moto ukizifikia zinaweza kulipuka. Mpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu, na umwambie kwa kinywa chako kwamba ni shokapu za gesi, kwa sababu kijana atakayezikata kule ndani hatakuwapo siku unaziuza.